Majilio haya, deni kwanza ndipo zawadi

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo yenye kaya 18 pembezoni mwa mji wa Morogoro. Kila Majilio tunachanga mchele, sukari na sabuni, tunapeleka kituo cha watoto tarehe 23 au 24 Desemba, tunapiga picha za ripoti ya parokia, tunarudi nyumbani. Mwaka huu wa 2026 Paroko ametutaka tufanye "Majilio ya haki na huruma". Huruma tunaielewa. Haki ndiyo imetuacha tukitazamana. Mwanajumuiya mmoja amesema haki ni kazi ya mahakama. Tuna wiki nne tu, na wengi wetu ni watu wa kipato cha chini: mama lishe, walinzi, wauza mboga, wakulima, walimu wawili, na watatu wenye nyumba za kupangisha. Tuanzie wapi, na tufanye nini hasa?

JIBU: Milele na milele, amina, Mama Mwenyekiti.

Huyo aliyesema haki ni kazi ya mahakama hajakosea kabisa, ila ameanzia mwisho wa njia. Watu hufika mahakamani baada ya haki kushindikana nyumbani, dukani na shambani. Yohane Mbatizaji, ambaye ndiye sauti kubwa ya Majilio, hakumtuma mtu mahakamani. Katika Luka sura ya 3, aya ya 10 hadi 14, aliulizwa swali lenu lilelile, "tufanye nini?", na makundi matatu. Makutano aliwaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Hiyo ndiyo huruma. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Hayo mawili ni haki. Watoza ushuru hawakuagizwa kupeleka mchele popote. Waliambiwa waache kuzidisha.

Jumuiya nyingi zimeshika jibu la kwanza na kuyasahau mawili yaliyobaki. Kwa hiyo ushauri wetu wote unasimama juu ya utaratibu mmoja: deni kwanza, ndipo zawadi. Kilicho haki ya mtu hakigeuki zawadi kwa kufungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Kitenge na kilo mbili za sukari kwa dada wa kazi ambaye hajalipwa tangu Septemba ni deni lililovishwa nguo ya sikukuu.

(Somo hilo la Luka husomwa Dominika ya tatu ya Majilio katika mwaka C wa mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Jumapili. Nyinyi mnaingia mwaka B, hivyo Jumapili hamtalisikia. Lisomeni wenyewe kwenye jumuiya wiki ya kwanza. Dominika ya tatu, 13 Desemba, mtasikia Isaya 61, na mahali pa zaburi utakuwepo wimbo wa Bikira Maria: wenye njaa amewashibisha mema, wenye mali amewaondoa mikono mitupu. Watu wamezoea kuuimba kwa vigelegele. Safari moja usomwe polepole, bila kinanda.)

Sasa hesabu ya siku, kwa sababu wiki nne zenu si nne. Majilio ya 2026 yanaanza Jumapili 29 Novemba, na Noeli ni Ijumaa, kwa hiyo yana siku 26. Kuanzia tarehe 17 Desemba liturujia yenyewe inageukia Noeli, watu wanaanza kusafiri kwenda kwao, na waliobaki wamo kwenye mazoezi ya kwaya. Siku za kufanyia kazi ni kama 18. Anzeni mapema, Jumapili 15 Novemba, ambayo ni Siku ya Maskini Duniani. Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2016, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2017, na aliiweka Dominika ya 33 ya mwaka, yaani wiki mbili kabla ya Majilio. Kikao cha jumuiya cha wiki hiyo ndicho cha kupanga. Mkisubiri kupanga Dominika ya kwanza ya Majilio, mtaishia tena kwenye sukari ya tarehe 23.

Wiki ya kwanza iwe ya kila kaya peke yake. Kila nyumba ichukue karatasi moja, iandike majina ya watu inaowadai upande mmoja, na watu wanaoidai upande wa pili: msaidizi wa ndani, kibarua wa shamba, fundi aliyepaua banda, muuza maziwa, mpangaji aliyeacha amana, ndugu aliyekopesha. Mbele ya kila jina kiasi na tarehe. Karatasi hiyo haisomwi kwenye jumuiya, haikusanywi na mwenyekiti, haipelekwi parokiani. Hapa ndipo jumuiya nyingi huharibu. Kiongozi akishasema "tuzikusanye tuone", watu wataandika mambo ya kujipendezesha, na walioandika ukweli watakuwa habari ya kijiweni jioni hiyohiyo. Swali la kuulizana kikao kinachofuata ni moja tu: "Umeshaandika?" Ndiyo au bado, basi.

Kwenye karatasi nyingi jina la kwanza litakuwa la dada wa kazi, au la kijana wa kulisha ng'ombe. Tukae hapa kidogo, maana ndipo penye dhuluma inayotendwa na watu wema. Msemo wenyewe unajulikana: "Hela yake namtunzia." Msichana anafanya kazi mwaka mzima, mshahara anatunziwa, zinakatwa za mafuta ya kujipaka, za sahani iliyovunjika, za nauli ya siku alipoletwa, na siku anapotaka kuondoka hesabu haijulikani. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inataka ujira ulipwe siku yake, jua lisichwe haujalipwa. Na sheria ya nchi inamlinda huyo dada kama inavyomlinda karani wa benki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa zisizozidi 45 za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi sita, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Wa miaka 14 hadi 17 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomnyima shule. Kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa majumbani kimo kwenye amri ya serikali inayobadilishwa kila baada ya muda, na anayelala kwa mwajiri ana kiwango tofauti na anayekwenda na kurudi. Msiulizane kwa jirani. Mtu mmoja aende Ofisi ya Kazi mkoani aulize kiwango cha sasa, arudi nacho kwenye jumuiya.

Hesabu yenyewe hupigwa hivi. Tuchukue mfano wa mshahara mliokubaliana wa shilingi 120,000 kwa mwezi, na dada amekaa miezi 14. Jumla ni 1,680,000. Orodhesheni alichokwisha kupokea mkononi au kutumiwa mama yake kijijini, kwa vithibitisho vya simu, si kwa kukumbuka. Ikiwa ni 900,000, deni ni 780,000. Sahani na vyombo visiingizwe. Sheria inaruhusu makato ya uharibifu pale tu mfanyakazi alipokuwa na kosa, akasikilizwa, akakubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Chakula anachokula nyumbani kwako, kama hamkukiandika tangu mwanzo kuwa sehemu ya malipo, usikigeuze deni mwezi wa 12. Kisha likizo: ametimiza mwaka na hajaenda kwao, kwa hiyo ana siku 28 za likizo yenye malipo.

Kaya nyingi haziwezi kutoa 780,000 kwa mkupuo, na hapo watu hukata tamaa wakarudi kwenye kitenge. Gawanyeni: 300,000 kabla ya Dominika ya nne, tarehe 20 Desemba, na 480,000 iliyobaki iwe 160,000 kila mwezi Januari, Februari na Machi, juu ya mshahara wa mwezi husika. Pasaka ya 2027 ni 28 Machi, kwa hiyo mnaimaliza Kwaresima bila deni. Andikeni karatasi mbili, kila mmoja asaini, naye abaki na yake. Fedha ziingie kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Zikiingia kwenye ya mama mwenye nyumba, mmerudi kule kwa "namtunzia".

Na sikukuu je? Akifanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa, sheria inataka mara mbili ya ujira wa saa. Desemba ina siku tatu za namna hiyo: tarehe 9, 25 na 26. Kwa mshahara wa 120,000 na saa 45 kwa wiki, saa moja ni kama 615 (gawanya 120,000 kwa 195), mara mbili ni 1,230. Saa nane za kupika pilau ya Noeli ni kama shilingi 9,850. Wapo watakaoshangaa kuona ni kiasi kidogo hivyo. Afadhali zaidi ya kulipa ni kumwachia siku moja kati ya hizo aende kusali na kula na watu anaowataka yeye, nanyi mpike wenyewe.

Wiki ya pili ni ya biashara na kodi, yaani jibu la watoza ushuru. Dominika hiyo mtasikia Isaya 40: kila bonde litainuliwa, kila mlima utashushwa. Kwa wakulima na wauza mboga wa Morogoro mlima wenyewe unaitwa lumbesa, gunia linaloshonewa kichwa juu ya kipimo. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wana ofisi mikoani. Lakini kabla ya kumlaumu dalali wa Dar es Salaam, aliye kwenye biashara ajiulize kama ana kisado cha kununulia na kisado cha kuuzia. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza mawe ya kupimia ya namna mbili mfukoni, na mfanyabiashara yeyote anajua linalosemwa pale. Jaribio ni jepesi: azimeni mzani wa kilo, pimeni visado vya wauzaji wote wa jumuiya kwa maharage yaleyale, na wote wakubaliane kipimo kimoja. Mkipime mbele ya wote siku moja, ili asionekane mmoja kuwa ndiye mshukiwa. Na mama lishe naye asisahauliwe: yule binti anayemwoshea vyombo kwa "utakula hapahapa" yumo kwenye karatasi.

Wenye nyumba za kupangisha watatu mlio nao wanaweza kufanya mambo mawili yenye uzito kuliko mchango wowote. La kwanza ni umeme. Pale wapangaji wanaposhirikiana mita moja ya LUKU, mwenye nyumba hujikuta anawatoza uniti kwa bei aliyoipanga yeye. Abandike risiti ya manunuzi ukutani, kila chumba kichange kwa vifaa kinavyotumia. La pili ni kodi ya Januari. Mpangaji aliyemaliza mkataba Desemba anadaiwa miezi sita kwa mkupuo mwezi uleule wa sare na madaftari. Kumpokea kwa mwezi mmoja mmoja hadi Machi hakumpunguzii mwenye nyumba hata senti, na kunamwokoa mpangaji na mkopo wa kausha damu.

Hiyo kausha damu nayo izungumzwe waziwazi, kwa kuwa wakopeshaji wengine wamo kwenye jumuiya na wanabeba kapu la matoleo. Anayekopesha 100,000 na kudai 130,000 baada ya mwezi anatoza asilimia 30 kwa mwezi. Mkopaji akichelewa miezi mitatu huku akilipa riba tu, ametoa 90,000 na bado anadaiwa laki nzima. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, kukopesha kama biashara kunahitaji leseni, na kadi ya benki au kitambulisho cha mtu si kitu cha kukaa nacho kama rehani. Hatua ya Majilio kwa mkopeshaji: arudishe kadi zote wiki hiyo; kwa wadaiwa ambao riba waliyokwisha kulipa imefikia kiasi walichokopa, afunge deni kwa maandishi. Atabaki na mtaji wake. Zakayo alirudisha mara nne.

Hapa linaingia kitubio, na tunashangaa linasahaulika. Foleni ya maungamo huwa ndefu tarehe 23, padre amechoka, malipizi ni sala chache. Mtu aliyedhulumu fedha anahitaji muda wa kurudisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inasema wazi kwamba fidia ya dhuluma inadai kumrudishia mwenye mali kilicho chake. Mwombeni Paroko aweke maungamo wiki ya pili, ili mtu aungame tarehe 8 au 10 na awe na siku kumi na tano za kutimiza. Ikiwa aliyedhulumiwa hapatikani au amefariki, warithi wake ndio wa kupewa. Wasipopatikana, padre ataelekeza fedha ziende kwa maskini. Lakini hilo la maskini liwe la mwisho. Wengi hulikimbilia kwa sababu halina aibu ya kugonga mlango wa mtu.

Kuhusu parokia yenyewe tutasema kidogo, kwa heshima, maana Paroko ndiye aliyewatuma. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 juu ya haki duniani ilikiri kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki, kwanza awe mwenye haki machoni pao. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1286, inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wafuate sheria za kazi na kuwalipa wafanyakazi ujira wa haki. Katekista, mlinzi, mpishi wa nyumba ya mapadre, anayefua nguo za altare: je, wana mkataba? Wanachangiwa mfuko wa hifadhi ya jamii? Mwenyekiti hana mamlaka ya kukagua, ila kamati ya fedha ya parokia inaweza kuulizwa kwa barua fupi ya jumuiya. Na kuna hili la michango. Kanuni ya 848 inakataza mtu kukosa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kwa hiyo ile tabia ya kusoma majina ya wasiomaliza michango mbele ya watu, au kaya kuambiwa haitapata huduma ya mazishi kwa sababu kadi haijajaa, jumuiya inaweza kuikomesha upande wake Majilio haya. Mweka hazina apite kimya kimya na kuandika "amesamehewa" kwenye kadi za wasio na uwezo. Asitangaze kwamba amesamehe.

Wiki ya tatu chukueni kesi moja. Moja, tafadhali. Jumuiya zikipata ari ya haki hutaka kutatua ndoa, mashamba, bangi na mtaro wa maji kwa mpigo, na hakuna linalokwisha. Katika kaya 18 karibu hamkosi mjane ambaye shemeji zake wamelima shamba la marehemu, au nyumba bado imo kwenye jina la marehemu. Chukueni hiyo.

Watu watatu tu wamtembelee, mmoja wao mwanamke anayemwamini, wasikilize kabla ya kushauri. Wamuulize anataka nini yeye; wajane wengine hawataki kesi, wanataka tu mahindi ya msimu huu yavunwe kwa amani. Kisha karatasi: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati au barua ya mauziano ya ardhi. Kama cheti cha kifo hakipo, RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya ndiyo safari ya kwanza, na nauli yake ndiyo matumizi bora ya mchango wenu. Mirathi ya kawaida hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mahakama kwa kawaida huomba muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi. Hapo ndipo ndugu hugoma. Mjane ajue kwamba ukoo kugoma hakumzuii kwenda kuieleza mahakama hivyohivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wapo kwenye wilaya. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaonyesha. Jumuiya kazi yake ni kumsindikiza, kumkalia na watoto siku ya shauri, kumlipia nauli na fotokopi. Jumuiya si baraza la kuamua nani mwenye shamba.

Kwa mfanyakazi aliyefukuzwa au kudhulumiwa mshahara, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Muda ni mfupi: siku 30 tangu kuachishwa kazi kama analalamikia kuachishwa, siku 60 kwa madai mengine. Mlinzi aliyefukuzwa katikati ya Novemba akiambiwa "tusubiri Noeli ipite", siku zake zitakuwa zimekwisha katikati ya Desemba, kabla ya sikukuu. Huyo apelekwe wiki hiyohiyo.

Tahadhari moja haina mjadala. Kama jambo mnalolikuta ni kipigo au mtoto aliyeharibiwa, msiitishe kikao cha suluhu. Jumuiya zetu zina mazoea ya kupatanisha, na mazoea hayo yamewarudisha wanawake kwenye nyumba zilizokuwa zikiwaua. Mgonjwa wa hali mbaya hospitali kwanza, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure. Na habari hizo zisiguse kundi la WhatsApp la jumuiya hata kwa mafumbo.

Sasa huruma, ambayo mmesema mnaielewa. Tuipime kwenye mzani. Kiwango kinachotumika katika misaada ya chakula ni karibu gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za kunde na gramu 25 za mafuta. Kaya ya watu watano inakula kilo 2 za nafaka kwa siku. Kile kifurushi cha kilo 5 za mchele kinachopigiwa makofi ni siku mbili na nusu. Kwa mwezi kaya hiyo inahitaji kilo 60 za nafaka, kilo 9 za maharage na lita 4 hivi za mafuta. Mkiwa na fedha za vifurushi kumi na viwili vya kilo 5, mnaweza kuzipa kaya kumi na mbili sikukuu ya siku mbili, au kuipa kaya moja mwezi mzima wa kupumua. Sisi tungechagua la pili, na tungelipeleka Januari. Desemba kila mtu ana huruma, mchele umepanda bei, na vituo vinapokea wageni kuliko vinavyoweza kuwakalisha. Tarehe 10 Januari hakuna anayebisha hodi, na huo ndio mwezi wa viatu vya shule, sare na madaftari. Elimu ya serikali haina ada, lakini mtoto haendi na ada miguuni.

Fedha zipatikane kwa kujinyima kwa kipimo, isiwe kwa michango mipya. Kila kaya iache kitu kimoja kila wiki, soda za Jumapili au nyama ya siku moja, thamani yake iingie kwenye bahasha. Kaya 18 zikiweka wastani wa 3,000 kila wiki kwa wiki nne, mna 216,000. Kaya isiyo na soda ya kuacha isiweke kitu. Bahasha zote zisiwe na majina, na hata tupu irudishwe, ili asiyeweka asijulikane. Wa kuzifungua wawe watu wawili, mweka hazina na mtu mwingine asiye ndugu yake. Zikihesabiwa, kiasi kiandikwe ubaoni.

Kituo cha watoto msikiache, ila pigeni simu kwanza, mwulizeni mlezi vitu vitatu vilivyokwisha stoo. Mara nyingi jibu litakuwa taulo za kike, mafuta ya kupikia, sabuni ya unga, LUKU au dawa ya fangasi, na karibu kamwe halitakuwa biskuti. Ulizeni pia swali hili: kuna watoto wangapi wenye mama, bibi au shangazi aliye hai? Watoto wengi wa vituoni wana ndugu. Kilichowaleta ni ufukara wa nyumbani. Afisa ustawi wa jamii ndiye mwenye uamuzi wa mtoto kurudi kwa ndugu, lakini nauli ya bibi kuja kumwona mjukuu Desemba, au ya mtoto kwenda kwa wiki moja na mlezi, inaweza kutoka kwenye ile 216,000. Na msiende tarehe 23 wala 24. Siku hizo watoto huamshwa kuwaimbia wageni kundi baada ya kundi mpaka sauti zinakauka.

Picha: msipige za watoto wala za mjane. Mbali na lile neno la mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, nayo tangu 2022 ina sheria yake ya ulinzi. Kwenye ripoti ya parokia bandikeni picha ya risiti za duka, ya ubao wa hesabu na ya kile kisado kipya cha jumuiya. Idadi ya kaya zilizoandika karatasi ya madeni itajwe kwa tarakimu tu. Ripoti yenyewe ipelekeni mwisho wa Januari, baada ya nafaka na madaftari kufika, na mkifika Machi mwongeze mstari mmoja: ni madeni mangapi kati ya yale ya awamu yamemalizika.